Kuupa mlango wa zamani uwezo wa kuzuia moto bila kuung'oa

Ofisi nyingi za umma zilizojengwa enzi za ukoloni, kuanzia Dodoma mjini hadi Kondoa na Mpwapwa, zina milango ya mbao ngumu. Mkandarasi akiitwa kuweka milango ya moto, wazo lake la kwanza ni kuing'oa. Mingi inafaa kubaki.

1. Vibali. Piga picha, chora, kisha peleka pendekezo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jengo likiwa limelindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, usitoboe hata tundu moja kabla ya kibali.

2. Unene. Mbao ngumu huliwa na moto takriban nusu milimita kwa dakika, hivyo mbao za pembeni zenye milimita 44 si tatizo. Udhaifu uko kwenye paneli, yaani mbao nyembamba za katikati, hasa kingo zilizochongwa zikabaki nyembamba. Upande wa ndani ya chumba, ongeza bodi ya kalsiamu silikati, isiyoungua. Upande unaoonekana, paka vanishi isiyo na rangi inayovimba kwa joto.

3. Uwazi. Hapa ndipo kazi ilipo. Moshi huua kabla ya moto, nao hupita pembeni mwa mlango. Juu na ubavuni, kati ya mlango na fremu, acha milimita 3: biti ya kutobolea ya milimita 3 ipite kwa kubana, ya 4 igome. Lakini angalia ni mwezi gani. Kiangazi cha Dodoma hukausha mbao zikasinyaa. Ukizipachika kipande Oktoba ili kuziba uwazi wote, Januari mvua ikikolea mlango unagoma kufunga, na mtu ataleta randa. Mninga hauchezi sana, mbao nyingine hucheza. Chimba mfereji kwenye fremu badala ya mlango, uweke utepe unaovimba kwenye joto la nyuzi 200 hivi, wenye brashi ya kuzuia moshi.

4. Vyuma. Bawaba tatu za chuma. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na chumba kinachowaka hupita hapo. Funga mkono wa springi unaourudisha mlango.

5. Nyuma ya fremu. Bandua urembo wa mbao taratibu. Mara nyingi utakuta plasta ya chokaa imeachia ukutani. Shindilia sufi ya mawe, nyuzi za mawe zisizoungua. Povu la kawaida la madukani linaungua.

6. Jaribio. Fungua mlango kiasi cha kiganja, uuachie. Ulimi wa kitasa usipoingia wenyewe, kaza springi. Na kama watumishi wameshazoea kuuegemezea tofali ubaki wazi, usigombane nao: weka sumaku iliyounganishwa na kengele ya moto, iuachie mlango kengele ikilia.