Namna ya Kuandika Wasifu wa Mjasiriamali wa Intaneti wa China: Mfano wa Jack Ma

Anayetaka kuandika wasifu wa Jack Ma, mwanzilishi wa Alibaba, kampuni ya China ya biashara mtandaoni, atakuta hadithi imemtangulia. Ni ile ya kijana aliyefeli mitihani, akakataliwa kazi kila alipobisha hodi, kisha akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa China kwa kuwa hakukata tamaa. Hadithi hiyo imesimuliwa mno katika semina za ujasiriamali, na sehemu yake kubwa ni ya kweli. Udhaifu wake ni kwamba haielezi kwa nini mambo hayo yalitokea Hangzhou, kwa nini yalitokea mwaka 1999, wala kwa nini mtu aliyezoea kuhutubia dunia nzima alinyamaza ghafla mwishoni mwa mwaka 2020. Maelekezo yafuatayo yanahusu namna ya kuyapanga maisha yake ili maswali hayo matatu yapate majibu. Atakayeyazoea ataweza kuyatumia pia kwa Ma Huateng wa Tencent au Zhang Yiming wa ByteDance, waanzilishi wa kampuni nyingine kubwa za intaneti za China, ingawa itabidi abadilishe mahali pa kutilia mkazo.

Anza na majina na tarakimu

Jina lake la Kichina ni Ma Yun. Ma ni jina la ukoo nalo hutangulia. Yun ndilo jina lake mwenyewe, na Jack ni jina alilopewa ujanani na rafiki wa kigeni. Kwa hiyo anapotajwa mara ya pili huandikwa “Ma”, na makala zinazomwita “Bwana Yun” hufanya kosa ambalo msomaji anayeifahamu China hulinasa papo hapo. Ukimtaja pamoja na Ma Huateng, andika majina kamili ya wote wawili, maana ukoo wao unaandikwa kwa herufi ileile yenye maana ya farasi. Mwaka 2013 wawili hao walishirikiana na kampuni ya bima ya Ping An, iliyoongozwa na Ma Mingzhe, kuanzisha bima ya mtandaoni ya ZhongAn, na hapo mwandishi mzembe anakuwa na akina Ma watatu katika sentensi moja.

Tarakimu zina mtego wake. Kama sisi tulivyozoea kuhesabu kwa laki, Wachina huhesabu kwa wan, yaani elfu kumi, na kwa yi, yaani milioni mia moja. Kiasi kinachoandikwa kwao kuwa yi 182 ni bilioni 18.2, si bilioni 182. Ukibadilisha yuani kuwa dola, tumia kiwango cha mwaka wa tukio lenyewe, wala usijaribu kubadilisha kuwa shilingi, kwa sababu msomaji wa Nairobi, wa Dar es Salaam na wa Kampala kila mmoja atafikiria shilingi yake.

Katika ujana, tenga rekodi na simulizi

Ma alizaliwa Hangzhou, mkoa wa Zhejiang, tarehe 10 Septemba 1964. Alishindwa mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili, akafaulu mara ya tatu, akasoma Kiingereza katika chuo cha ualimu cha mji huo na kuhitimu mwaka 1988, kisha akafundisha somo hilohilo katika taasisi ya elektroniki. Hayo yaandike moja kwa moja. Habari kwamba waombaji ishirini na wanne walikwenda kuomba kazi KFC na akakataliwa yeye peke yake, na kwamba Harvard ilimkataa mara kumi, zimetoka kinywani mwake, mbele ya hadhira iliyokuwa ikicheka. Zitangulizie “anasimulia kwamba”, zipe sentensi moja, kisha usonge mbele.

Nafasi utakayookoa itumie kwa lugha, kwa sababu Kiingereza ndicho kilichomfungulia kila mlango. China ilipoanza kupokea watalii wengi mwishoni mwa miaka ya 1970, kijana huyo alikuwa akienda kwa baiskeli hadi hotelini na kuwatembeza wageni bila malipo, ilimradi wazungumze naye. Mwaka 1985 familia moja aliyofahamiana nayo kwa njia hiyo ilimwalika Australia. Mwaka 1994 alifungua ofisi ya tafsiri, na mwaka 1995 alikwenda Marekani akiwa mkalimani, akaiona intaneti kwa mara ya kwanza mjini Seattle. Anasimulia kwamba alitafuta neno “bia”, akaona bia za nchi nyingine bila hata moja ya China.

Aliporudi alianzisha China Pages, huduma ya kuweka taarifa za kampuni za Kichina mtandaoni. Wasifu mwingi hupita hapa mbiombio, nami nadhani hilo ni kosa. Ma alilazimika kuungana na kampuni ya simu ya serikali mjini Hangzhou, akawa na hisa chache, akakosa sauti, akaondoka. Baadaye alifanya kazi Beijing katika kitengo kilichokuwa chini ya wizara iliyosimamia biashara ya nje. Maana yake ni kwamba, kabla Alibaba haijakuwapo, alikuwa ameshashindwa na shirika la serikali na kuajiriwa na serikali hiyohiyo. Ukiyaacha hayo nje, mwaka 2020 utaonekana kama radi iliyopiga mchana wa jua kali. Huko Beijing ndiko pia alikopewa jukumu la kumtembeza Jerry Yang, mmoja wa waanzilishi wa Yahoo, kwenye Ukuta Mkuu. Mwaka 2005 Yahoo iliweka dola bilioni 1 katika Alibaba na kupata karibu asilimia 40 ya hisa. Matukio haya mawili yaweke karibu karibu, na msomaji ataona mwenyewe ujuzi wa kutembeza wageni ulimfikisha wapi.

Eleza biashara ilivyofanya kazi

Hiki ndicho kiini cha wasifu, na ndicho waandishi wengi hukikwepa kwa kusema tu kwamba “alianzisha kampuni kubwa ya biashara mtandaoni”. Alibaba ilianzishwa mwaka 1999 katika nyumba ya Ma na watu kumi na wanane, yeye akiwa mmoja wao. Wataje walau wachache: mkewe Zhang Ying, Joseph Tsai, mzaliwa wa Taiwan aliyeacha kazi ya uwekezaji Hong Kong, na Eddie Wu, ambaye mwaka 2023 alikuja kuwa ofisa mtendaji mkuu wakati Tsai akishika uenyekiti. Ma hakuwa mtaalamu wa kompyuta, naye hakuficha hilo, kwa hiyo wasifu unaomtaja peke yake hauwezi kueleza ni nani aliyeandika programu na ni nani aliyezungumza na wawekezaji. Benki ya uwekezaji ya Marekani, Goldman Sachs, na wenzake waliweka dola milioni 5 mwaka huohuo, na SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani ya Masayoshi Son, ikaongoza awamu ya dola milioni 20 mwaka 2000.

Eleza pia kwa nini Zhejiang. Mkoa huo ulijaa viwanda vidogo vya watu binafsi, vyenye bidhaa tele na wanunuzi wa nje wachache. Humo ndimo ulimo mji wa Yiwu, ambako wafanyabiashara wa Kariakoo huenda kufunga mzigo, kwa hiyo msomaji wetu hahitaji maelezo marefu. Alibaba ya mwanzo ilikuwa orodha ya viwanda hivyo kwa Kiingereza, na China ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mnamo Desemba 2001, waliotaka kuisoma orodha hiyo waliongezeka.

Taobao, soko la watu wa kawaida, inastahili aya kadhaa. Mwaka 2002 eBay, soko la mtandaoni la Marekani, ilinunua theluthi ya EachNet, soko la mtandaoni lililokuwa mbele ya wote China, na mwaka 2003 ikainunua yote. Ma akahofu kwamba wauzaji wake wadogo wangehamia huko. Taobao ilifunguliwa tarehe 10 Mei 2003, wakati wa mlipuko wa SARS, siku ambazo wafanyakazi wa Alibaba walikuwa wamefungiwa majumbani baada ya mwenzao mmoja kuugua. Haikuwatoza wauzaji ada, ilhali eBay iliwatoza, nayo iliwapa muuzaji na mnunuzi njia ya kuandikiana papo hapo na kupatana bei. Kwa yeyote aliyezoea soko la mitaani, jambo hilo la pili lina uzito uleule wa la kwanza. Mwishoni mwa mwaka 2006 eBay iliacha kuendesha tovuti yake yenyewe nchini China.

Ugumu uliobaki ulikuwa uaminifu: mnunuzi wa Harbin hakuthubutu kumtumia fedha muuzaji wa Guangzhou asiyemjua. Alipay, iliyoanza ndani ya Taobao mwaka 2003 na kuwa kampuni mwaka uliofuata, ilizishika fedha za mnunuzi na kumlipa muuzaji baada ya bidhaa kupokelewa. Waambie wasomaji waziwazi kwamba hii si sawa na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007, ambayo kazi yake ya awali ilikuwa kuhamisha fedha moja kwa moja kutoka kwa mtu hadi kwa mwingine. Wasipoambiwa, watadhani ni kitu kilekile.

Mmiliki ni nani?

Usiandike kwamba Alibaba “ni ya Jack Ma”. Kabla ya kuuza hisa New York, SoftBank ilikuwa na takriban theluthi moja, Yahoo zaidi ya moja ya tano, na Ma chini ya moja ya kumi. Nguvu yake ilitokana na kundi la wabia wa kampuni waliokuwa na haki ya kupendekeza wajumbe wengi wa bodi. Soko la hisa la Hong Kong lilikataa mpangilio huo, ndiyo maana tarehe 19 Septemba 2014 hisa ziliuzwa New York, kwa dola 68 kila moja. Utaona makala zikitaja dola bilioni 21.8 na nyingine bilioni 25. Zote ni sahihi, kwa kuwa kiasi cha pili kinajumlisha hisa za ziada ambazo benki zilizosimamia uuzaji zilikuwa na haki ya kuzinunua.

Vilevile itenge Alibaba na Ant, kampuni ya huduma za fedha iliyotokana na Alipay. Mwaka 2011 ilijulikana kwamba Alipay ilikuwa imetolewa ndani ya Alibaba na kuwekwa katika kampuni iliyodhibitiwa na Ma. Sababu iliyotolewa ilikuwa masharti ya benki kuu kuhusu wageni kumiliki huduma za malipo. Yahoo na SoftBank walilalamika, na makubaliano yakafikiwa Julai mwaka huo. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Ant, na asiyeeleza uhamisho huu atashindwa kueleza kilichofuata.

Mwaka 2020 uandikwe kwa tarehe

Kufikia wakati huo Ma hakuwa na cheo Alibaba: aliacha utendaji mkuu mwaka 2013 na uenyekiti tarehe 10 Septemba 2019, siku aliyotimiza miaka 55, ambayo nchini China pia ni Siku ya Walimu. Tarehe 24 Oktoba 2020, mjini Shanghai, alihutubia wakuu wa sekta ya fedha, akazifananisha benki za China na maduka ya kukopesha kwa rehani. Tarehe 2 Novemba wadhibiti walimwita pamoja na viongozi wa Ant, na kanuni mpya za mikopo midogo ya mtandaoni zikatolewa zikiwa rasimu. Tarehe 3 Novemba uuzaji wa hisa za Ant, uliokusudiwa kukusanya zaidi ya dola bilioni 34, ulisimamishwa, siku mbili tu kabla ya kuanza.

Hapa kuna kishawishi cha kuandika kwamba aliponzwa na ulimi wake. Hotuba itaje, lakini pembeni yake weka ukweli kwamba Ant ilikuwa imepitisha mikopo ya walaji ya takriban yuani trilioni 1.7, huku sehemu iliyobeba yenyewe kwenye vitabu vyake ikiwa karibu asilimia 2. Hasara iliyobaki ingeziangukia benki. Mdhibiti wa nchi yoyote angekosa usingizi. Usiandike pia kwamba “alitoweka”: andika kwamba hakuonekana hadharani hadi tarehe 20 Januari 2021, alipozungumza na walimu wa vijijini kwa video. Aprili 2021 Alibaba ilitozwa faini ya yuani bilioni 18.2 kwa kukiuka sheria ya ushindani, sawa na asilimia 4 ya mapato yake ya ndani ya mwaka 2019, na Januari 2023 Ma akaachia udhibiti wa Ant. Ongeza kwamba mwaka 2018 gazeti la chama lilimtaja kuwa mwanachama wa Chama cha Kikomunisti, ili msomaji asimchukulie kuwa mpinzani wa kisiasa.

Afrika ipewe aya moja

Mwandishi wa Kiswahili atatamani kuanza na ziara ya Ma ya Julai 2017 Nairobi na Kigali, alipokuja akiwa mshauri wa shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Ajizuie. Ziara hiyo, tuzo yake kwa wajasiriamali wa Afrika, makubaliano ya biashara mtandaoni yaliyozinduliwa Kigali Oktoba 2018, na barakoa 100,000 pamoja na vipimo 20,000 vya virusi vya korona kwa kila nchi ya Afrika mnamo Machi 2020, vyote vinatosha aya moja iliyoshiba, iwekwe kabla ya hotuba ya Shanghai, kwa sababu ndivyo vilivyotangulia.

Wasifu wa mtu aliye hai humalizwa kwa tukio la mwisho lenye tarehe, bila utabiri. Mimi ningeumalizia tarehe 17 Februari 2025 mjini Beijing, katika mkutano wa Xi Jinping na wenye kampuni binafsi, ambako Ma alikaa mstari wa mbele na kupeana mkono na rais.