Shingo inayouma haitaki kukandwa tu

Wengi wanaokuja kwangu na shingo iliyokaza wanataka kitu kimoja: wakandwe. Nawakanda, maana kunatuliza kweli. Ila kesho yake shingo hukaza tena, kwa sababu misuli inayopaswa kuishikilia bado imelala. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi, na pingili 7 za shingo hukibeba kutwa. Misuli midogo iliyolala mbele ya pingili hizo ikilegea, mzigo huhamia kwenye ile ya juu ya mabega, hapo hapo unapopashika ukasema panauma.

Kabla ya yote: kama umeanguka au umepata ajali, una homa, ganzi au udhaifu wa mkono, unayumba ukitembea, au mkojo unakutoka bila kujua, usijaribu zoezi lolote. Nenda hospitali leo.

Kama hayo hayapo, lala chali, magoti juu, taulo iliyokunjwa chini ya kisogo. Weka vidole viwili ubavuni mwa shingo, juu ya ule msuli mrefu unaoshuka kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga. Sasa shusha kidevu polepole kuelekea kooni, kama mtu anayeitikia kwa kichwa, na kisogo kisiachane na taulo. Ule msuli ubaki laini chini ya vidole. Ukisimama kama kamba, umetumia nguvu kupita kiasi. Legeza uanze upya. Shikilia sekunde 10 huku ukipumua, pumzika, rudia mara 10. Sekunde 10 zikikushinda, anza na 5. Watu hulidharau zoezi hili kwa sababu halitoi jasho. Mimi ningeambiwa nichague moja tu, ningechagua hili.

Kunyoosha kunafuata. Kaa kitini, mkono wa kulia ushike ukingo wa kiti. Geuza uso kushoto kidogo, kisha inamisha kichwa kana kwamba unanusa kwapa lako la kushoto. Utahisi mvuto nyuma ya shingo, upande wa kulia. Kaa hapo sekunde 30, kisha badilisha upande. Mvuto ni sawa. Mvuto huo ukichoma au ukishuka mkononi, acha.

Kitambaa cha maji ya moto kwa dakika 15 kabla ya mazoezi husaidia, mradi kisiunguze ngozi.

Na tafadhali, usimruhusu mtu asiyesomea kazi hii akuzungushe shingo kwa ghafla mpaka ilie. Mishipa ya damu inayopanda kwenda kwenye ubongo inapita humo humo.

Fanya haya kila siku kwa wiki kadhaa, hata maumivu yakishapungua. Ukishaweza kushikilia sekunde 10 bila ule msuli kusimama, hamishia zoezi la kidevu kwenye kiti unachofanyia kazi.