Sauti ikitoka mbovu, kagua haya kabla hujanunua rekoda au pleya nyingine

Watu wengi rekodi ikitoka vibaya wanakimbilia kutafuta mashine yenye namba kubwa, biti 24 (undani wa kila kipimo cha sauti), kiloherzi 96 (maelfu ya vipimo kwa sekunde), wakati tatizo mara nyingi liko kwenye maiki, yaani imewekwa mbali mno. Ukipunguza umbali wa maiki na mdomo kwa nusu, sauti ya mtu inapanda karibu desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) huku feni na mwangwi wa chumba vinabaki palepale, na hiyo haikugharimu kitu. Kaa kwenye sentimita 15 hadi 20 hivi, maiki iwe pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi za P na B zisiipige moja kwa moja. Usiishike mkononi, kidole kikisogea tu kwenye plastiki kinasikika, iweke kwenye stendi au hata juu ya taulo iliyokunjwa.

Halafu geini, yaani kiasi ambacho rekoda inakuza sauti ya maiki, hapa ndo wengi wanaharibu. Zima ile ya otomatiki, kwa sababu mtu akinyamaza inajipandisha yenyewe na unasikia shshsh inakuja juu kila sentensi ikiisha. Weka kwa mkono, mwambie aongee kwa nguvu ileile atakayotumia, angalia mita, pale anapopaza zaidi ifike kama desibeli -12. Ikigonga 0 mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakwaruza na hata programu nzuri ya kusafisha itabahatisha tu kilichopotea. Biti 24 zina kazi hapa, unaweza kurekodi chini kwa usalama ukaja kupandisha baadaye. Kwa kusikiliza tu, biti 16 na kiloherzi 44.1 za CD zinatosha kabisa, zinabeba sauti nyembamba mpaka karibu kiloherzi 22 na sikio la binadamu linaishia kwenye 20 hivi, tena umri ukienda linapungua.

Rekodi kwa WAV, faili isiyobanwa, kama nafasi ipo, dakika moja ya stirio ya ubora wa CD inakula kama MB 10, MP3 ya kilobiti 128 ni kama MB 1. MP3 inapungua hivyo kwa kutupa vitu, kwa hiyo kuigeuza iwe WAV au FLAC (inayobana bila kutupa kitu) ni kunenepesha faili bure, kilichotupwa hakirudi.

Upande wa pleya mimi pesa ningeweka kwenye hedifoni kwanza. Na zivae vizuri, sponji isipoziba sikio besi inapotea yote na utalaumu pleya. Kwenye ikwalaiza, ile ya kupandisha na kushusha besi na sauti nyembamba, punguza kinachozidi badala ya kupandisha kila kitu, ukipandisha sana inakwaruza vilevile. Na ukilinganisha pleya mbili hakikisha volyumu ziko sawa kabisa, maana yenye sauti ya juu kidogo tu sikio litaipenda hata kama haina ubora wowote wa ziada.