Mtoto Aliyepooza Ghafla Kambini: Namna ya Kumchunguza Hatua kwa Hatua

Majuzi nilimwongoza mhudumu mpya wa ufuatiliaji wa magonjwa katika kambi za wakimbizi za Dadaab, Kenya, alipokuwa akimchunguza mgonjwa wake wa kwanza, mtoto aliyepooza ghafla, jambo linaloweza kuwa dalili ya polio, na maswali aliyoniuliza ndiyo yamenifanya niandike mwongozo huu. Mwaka 2013 virusi vya polio vya porini (vile vya asili, visivyotokana na chanjo) vilithibitishwa kwa mtoto wa miezi minne huko Dadaab, na hadi mwaka huo kuisha Kenya ilikuwa na wagonjwa 14. Familia huvuka mpaka wa Somalia kwenda na kurudi, na virusi husafiri nazo.

Hatua ya 1: Kumtambua na kuripoti

Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 aliyelegea mguu au mkono kwa ghafla huripotiwa ndani ya saa 24, hata kama daktari ana hakika kwamba chanzo ni sindano iliyogusa mshipa wa fahamu. Kazi yetu ni kuripoti kupooza. Maabara ndiyo itakayosema kama ni polio. Usiwasahau waunga mifupa na walimu wa madrasa, kwa maana akina mama wengi huwaendea hao kabla ya kufika zahanati.

Hatua ya 2: Tarehe ya kupooza

Hapa usiwe na haraka. Fomu inataka siku ambayo kiungo kililegea, lakini mama ukimuuliza ugonjwa ulianza lini, atakutajia siku ya homa, naye atakuwa amejibu sawasawa. Mimi niliwahi kuandika siku ya homa, iliyotangulia kupooza kwa siku tano. Sampuli zilizochukuliwa siku ya 11 zikahesabiwa kuwa za siku ya 16, zikaonekana zimevuka mwisho wa siku 14, nasi tukalazimika kuirudia familia ambayo tayari ilikuwa imehamia bloku (mtaa wa kambi) nyingine.

Tangu hapo nauliza hivi: "Mara ya mwisho ulimwona akisimama mwenyewe ilikuwa lini?" Kwa mtoto ambaye bado hajasimama, uliza ni lini aliacha kurusha mguu wakati wa kuogeshwa. Mweleze mkalimani tofauti kati ya kuugua na kulegea kabla hamjaingia nyumbani, kwa sababu wengi hufupisha swali na kulirudisha kwenye homa. Kisha tafuta nguzo za kumbukumbu: siku ya mgao wa chakula, swala ya Ijumaa, siku wageni walipowasili. Napendelea sana kalenda ya karatasi kuliko fomu ya simu, kwani fomu hudai tarehe moja papo hapo, ilhali karatasi mama anaweza kuiwekea kidole, akakisogeza, akabadili mawazo. Muulize na bibi peke yake. Wakitofautiana, andika majibu yote mawili pembeni, urudi kwenye nguzo hizo.

Usidai kadi ya mgao ili kuthibitisha tarehe ya kuwasili. Familia ambayo haijasajiliwa itaogopa na kunyamaza, nawe utakosa kujua mtoto alikuwa wapi katika siku zote 35 kabla ya kupooza.

Hatua ya 3: Sampuli za choo

Chukua mbili, zipishane kwa saa 24 au zaidi, zote ndani ya siku 14 tangu kupooza, kila moja ikiwa na ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima. Zihifadhi kwenye nyuzi 2 hadi 8 na uhakikishe zinafika maabara ya KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya), Nairobi, ndani ya siku tatu. Boksi la baridi lililobeba choo lisibebe chanjo tena kamwe. Siku 14 zikishapita, bado chukua sampuli, pamoja na za watoto wanaocheza naye.

Hatua ya 4: Kumwona tena siku 60 baada ya kupooza

Andika kambi, bloku, jina la kiongozi wa bloku na simu ya jirani wawili, kwa sababu simu ya baba huzimwa au huenda naye safarini. Siku hiyo mvue mtoto suruali, mlaze mkekani, inua kila mguu kisha uuachie. Mtoto tuliyemchunguza majuzi, mguu wake wa kulia ulishuka polepole, wa kushoto ukadondoka papo hapo. Andika ulichokiona kwa mguu mmoja mmoja, kisha mpeleke kwa mtaalamu wa viungo wiki hiyohiyo.