Mambo ya kuzingatia kabla ya kupeleka alaimenti gari lililogongwa mguu wa nyuma

Gari likirudi kutoka gereji baada ya kugongwa nyuma, macho ya mwenyewe hukimbilia rangi. Anazunguka bampa, anafungua na kufunga buti, anaangalia kama taa mpya imekaa sawa na ile ya zamani. Mguu wa nyuma, yaani ekseli, springi na vyuma vinavyoshika magurudumu ya nyuma, uko gizani chini ya gari na siku hiyo hausemi kitu. Ukija kusema, husemea mbele: usukani unalala upande, gari linavuta, na fundi wa kwanza kuulizwa anataja tairodi, vile vyuma vinavyogeuza matairi ya mbele. Watu wanabadilisha vyuma vya mbele vyote na ugonjwa unabaki palepale.

Mimi yalinikuta na Toyota IST. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni, lori dogo likanivaa kona ya nyuma kushoto, likabamiza bodi na tairi kwa pamoja. Gereji ilinirudishia gari safi kwa macho, lakini ili liende moja kwa moja ilibidi usukani ulale kulia kama upana wa vidole viwili. Nikakimbilia alaimenti, kurekebishiwa mwelekeo wa matairi. Kijana akazungusha tairodi za mbele, usukani ukanyooka, nikalipa na kuondoka na furaha yangu. Siku chache baadaye dereva wa bajaji aliyekuwa nyuma yangu akanisogelea kwenye taa na kuniambia, "Kaka, gari lako linatembea kama kaa." Alikuwa sahihi. Ekseli ya nyuma ilikuwa inaangalia kulia, na alaimenti ile ilikuwa imeyafundisha matairi ya mbele kuangalia huko huko. Gari lilikwenda moja kwa moja, bodi ikiwa imekaa mshazari.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kutogusa chochote. Usukani uliolala ni ushahidi, na ukishanyooshwa unakuwa umefuta alama iliyokuwa ikikuelekeza kwenye kosa. Piga picha ya usukani ukiwa barabarani, mtu mwingine akiwa ndiye anayeipiga. Tafuta sehemu yenye mchanga uliolowa au vumbi laini, endesha taratibu mita kumi na tano hivi bila kukata kona, kisha shuka uangalie nyayo. Tairi la nyuma linapaswa kupita karibu juu ya alama ya lile la mbele, na tofauti ya kulia ilingane na ya kushoto. Ukiona upande mmoja alama ya nyuma imechomoza nje na upande wa pili imeingia ndani, ekseli haiangalii mbele.

Kabla ya kupima, liandae gari. Toa mizigo kwenye buti, jaza upepo kama kibandiko cha nguzo ya mlango kinavyosema, hakikisha matairi mawili ya nyuma ni ya saizi moja na yamelika sawa. Kama gari linavuta upande mmoja, badilisha matairi ya mbele, la kulia liende kushoto, kisha endesha tena. Mvuto ukihama, hilo ni tatizo la tairi. Zungusha pia kila gurudumu likiwa juu ya jeki na stendi, uangalie kama rimu inayumba. Haya yanachukua nusu saa na yanaondoa ubishi mwingi.

Upimaji wenyewe hauhitaji mashine. Nilichotumia ni timazi ya fundi mwashi, chaki, na futi ya chuma ya mita tano. Tafuta sakafu ya zege iliyo tambarare. Lisukume gari kwa mkono mpaka matairi ya mbele yanyooke, usifunge breki ghafla, na usipime gari lililotoka tu kushushwa kwenye jeki, kwa sababu miguu inakuwa bado haijakaa. Shusha timazi kutoka katikati ya kila habu, yaani kitovu kinachofungiwa gurudumu, weka alama ya chaki chini, kisha pima mbele hadi nyuma upande wa kulia, halafu kushoto. IST ya kizazi cha kwanza ina milimita 2,370 kati ya ekseli na ekseli. Kulia nilipata 2,370. Kushoto nilipata 2,356. Nilirudia mara tatu, maana sikutaka kuamini. Milimita 14 zinaonekana ndogo, lakini kwa upana wa gari lile ni zaidi ya nusu digrii, na ndizo zilizoulaza usukani.

Ukitaka kujua kama gari limeinama upande, usipime kimo chake kutoka kwenye ukingo wa bodi juu ya tairi. Wengi hufanya hivyo, na kwenye gari lisiloguswa ni sawa, ila hapa ukingo huo ndio uliogongwa, ukanyooshwa, ukapakwa puti, ile dawa ya kuziba mabonde. Pitisha sumaku ndogo uone inavyoacha kushika. Pima kutoka kwenye sehemu ngumu ya chini ya bodi. Kama upande mmoja uko juu, linganisha springi: mara nyingi gereji huweka springi moja ya mtumba kutoka gari la aina nyingine kidogo, na mwenyewe hajui.

Ukishajua kwamba ekseli imekaa vibaya, swali linalofuata ndilo lenye pesa: kilichopinda ni ekseli yenyewe, au ni bodi inapofungwa ekseli? Vitz na IST ambazo injini huzungusha magurudumu ya mbele tu zina ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili ya nyuma, isiyo na sehemu ya kurekebisha. Alaimenti haiwezi kuitibu, hata mashine ikiwa ya bei gani. Chini ya gari kuna matundu ya kiwandani, kulia na kushoto yanafanana. Pima mshazari kutoka tundu la mbele kulia hadi sehemu ya kufungia ekseli kushoto, kisha kinyume chake. Mafundi wa bodi hukubali tofauti ya milimita 3 hivi. Ikiwa mishazari inalingana, bodi ni nzima na ekseli ndiyo mgonjwa. Ikiwa hailingani, hiyo ni kazi ya mashine ya kuvuta bodi, na ekseli mpya itakaa upande vilevile.

Kwa magari kama Mark X, ambayo kila gurudumu la nyuma lina vyuma vyake kadhaa, uwezekano ni mwingi zaidi. Fungua kila chuma ukilinganishe na mwenzake wa upande wa pili, uvilaze mezani kimoja juu ya kingine.

Matairi pia yanakueleza kitu. Pitisha kiganja juu ya tairi kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Ukihisi meno kama ya msumeno upande mmoja wa safari, tairi hilo linaburutwa, na huenda ni gurudumu moja tu lililopinda. Lakini ekseli nzima ikigeuka kwa pamoja, magurudumu yote mawili yanaangalia upande mmoja na hayaburutani. Yangu yalikuwa yamelika vizuri kabisa. Usidanganyike na tairi zuri.

Kisha ingia chini na tochi. Tafuta rangi nyeusi nzito ya kupakwa kwa brashi mahali ambapo kiwanda hakikupaka. Nilikwangua kwa sarafu nyuma ya habu ya kushoto, rangi ikabanduka kama ganda, na chini yake nikaona washa mbili, vile vipete vya chuma vya boliti, zimebanwa kati ya habu na ekseli, kwenye boliti za upande mmoja tu. Fundi alijaribu kulinyoosha gurudumu kwa washa. Kuna vipande vyembamba vinavyotengenezwa kwa kazi hiyo, vyenye umbo la habu nzima. Washa mbili si hivyo: habu inashika kwenye vidoti, na boliti zinabeba mzigo ambao hazikuumbiwa. Hapo gari halistahili kwenda safari ya mkoani hata mara moja. Angalia vilevile alama za moto wa gesi, mpira wa breki uliovutika, na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge ukishika breki) unaogusa tairi.

Kabla ya kwenda kudai, kusanya makaratasi: picha za siku ya ajali, orodha ya spea iliyoidhinishwa, risiti, vipimo vyako ulivyoandika na tarehe, na karatasi ya alaimenti ya matairi yote manne, sio mawili ya mbele. Mashine ya matairi manne huonyesha ekseli ya nyuma inaelekea wapi. Kama bima kubwa ndiyo iliyolipa, angalia orodha kama ekseli ilikuwemo. Ikiwa ililipiwa na haikubadilishwa, hilo lisemwe kwa maandishi kwa kampuni ya bima kwanza. Msipoelewana, kwa Tanzania kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwenye gereji nenda na mtu wa pili, ongea kwa heshima, tandaza vipimo. Gereji yangu ilibisha kwa dakika kumi, mpaka fundi mkuu aliposhika mwenyewe upande wa pili wa futi.

Ekseli ya mtumba tuliipata mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Na hiyo nayo ipimwe kabla ya kulipa, kwa sababu huenda imetoka kwenye gari lililogongwa: kutoka tundu la bushi, ule mpira wa kufungia ekseli kwenye bodi, hadi uso wa habu, kulia na kushoto, kisha mishazari. Ya kwanza ilipishana milimita 6, tukaiacha. Ya pili ilipishana 1. Wakati wa kufunga, boliti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limekalia matairi yake; zikikazwa miguu ikining'inia, mpira unakaa umejipinda na kuchanika mapema. Nilisimama pale mpaka walipolishusha gari, wakakaza, tukashusha timazi tena: 2,370 kulia, 2,369 kushoto. Ndipo nikaenda alaimenti.