Trauti wa maji marefu katika majira ya joto, kwa mashua ndogo na pesa kidogo

Samaki aitwaye trauti wa ziwani wa Kanada hapatani na joto. Mwezi Mei, barafu ikishayeyuka, unamkuta karibu na ufuko kwenye mita tatu au nne tu. Ikifika Julai, maji ya juu ya maziwa ya kusini mwa mkoa wa Ontario yakiwa digrii 22 hadi 25, ameshateremka kufuata maji ya digrii 8 hadi 12, na huko anakaa mpaka vuli. Wengi wanaorudi mikono mitupu mwezi Agosti walikuwa na vifaa vya kutosha, ila walivua kwenye kina kisicho chake. Pesa uliyonayo itumie kwanza kujua kina, ndipo ufikirie mengine.

Ziwa katika joto hujigawa tabaka. Juu kuna maji ya vuguvugu, mepesi. Chini kuna maji baridi, mazito. Katikati upo ukanda ambamo joto hushuka ghafla, digrii moja au zaidi kwa kila mita. Kwenye maziwa ya ukubwa wa wastani ukanda huo mara nyingi uko kati ya mita 8 na 15. Trauti hukaa chini yake na kupanda kidogo kula. Lakini usikimbilie shimo lenye kina kuliko yote. Ziwa dogo lenye tope na magugu mengi huishiwa oksijeni chini kabisa mwishoni mwa majira ya joto, na samaki hubanwa katikati.

Kupima joto hakuhitaji mtambo. Chukua chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, kama ya siagi ya karanga, weka ndani kipimajoto cha tangi la samaki, na chini yake funga jiwe la nusu kilo. Kamba itie alama kila mita mbili. Ishushe ikiwa wima, mdomo juu, bila kifuniko, uiache dakika tatu, kisha uivute haraka na usome papo hapo. Inafanya kazi kwa sababu maji ya vuguvugu yaliyoingia njiani ni mepesi, hivyo hutoka kwa juu na maji baridi ya kinani huchukua nafasi yake. Ukivuta, hayo baridi hubaki ndani kwa uzito wake. Chupa ikilala ubavu utasoma uongo. Pima kila mita tatu na uandike. Kama una kioo cha sona (kifaa kinachoonyesha vilivyo chini ya maji kwa mawimbi ya sauti), hata kilichotumika, ongeza unyeti wake mpaka ukungu mwembamba uonekane ukikata kioo mlalo: mara nyingi ndio ukanda wenyewe.

Jambo moja huwachanganya hata wazoefu. Upepo mkali wa siku mbili husukuma maji ya vuguvugu upande unakoelekea, na ukanda huzama huko huku ukipanda upande wa pili. Samaki waliokuwa mita 18 juzi, leo hawapo mita 18. Pima upya.

Sasa vifaa. Mashua ya alumini ya futi 12 au 14 yenye injini ndogo inatosha. Ufito wa kuvulia wa mita mbili, mgumu kiasi, na rili ya kawaida (gurudumu la kukunjia mshipi) yenye mita 150 za mshipi wa kusuka unaohimili ratili 20. Mshipi wa nailoni hunyumbuka mno kwenye mita 25, na samaki akigusa hutahisi. Mwishoni unga mita mbili za florokaboni ya ratili 12, mshipi usioonekana kirahisi majini. Mshipi wa kusuka uutie alama ya wino usiofutika kila mita 5, na uirudie wino ukififia.

Njia ya kwanza ni jigi, yaani chambo bandia chenye kichwa kizito, na ndiyo rahisi kuliko zote. Tumia jigi la mpira laini lenye umbo la mrija, jeupe, urefu wa sentimita 10, lenye kichwa cha gramu 28 kwa maji ya mita 20 hadi 30. Literemshe mpaka ligonge chini, linyanyue nusu mita, liache lianguke tena. Mara nyingi trauti hulichukua likiwa linaanguka: mshipi unalegea kabla ya wakati wake, na hapo hapo unavuta. Baada ya kunyanyua mara nne au tano, kunja mshipi kwa kasi mita 8 kwenda juu. Samaki huyu hupenda kukimbiza, na wengi hushikwa kwenye mkimbio huo. Mshipi lazima ubaki wima. Upepo ukikusukuma, tupa majini ndoo yenye matundu, iliyofungwa kamba, kutoka omo ili ikupunguzie mwendo. Jigi linaloburutwa kwa mshazari halifiki kina unachodhani.

Njia ya pili ni kuburuta chambo nyuma ya mashua inayotembea, nzuri unapokuwa hujui samaki wako wapi. Wenye uwezo hununua winchi ya kushusha tufe zito la chuma. Wewe nunua kiungo chenye pete tatu. Pete ya kwanza funga mshipi mkuu. Ya pili funga sentimita 60 za nailoni dhaifu ya ratili 6, na mwishoni bolti kuukuu ya gramu 200 iwe chubwi. Ya tatu funga florokaboni ya mita mbili na kijiko chembamba cha kuvulia (chambo bandia cha bati) cha sentimita 8. Chubwi likinasa kwenye mwamba, nailoni dhaifu hukatika, unapoteza bolti, kijiko kinabaki.

Mwendo uwe kilomita 2 hadi 3 kwa saa. Simu yenye GPS itakuonyesha. Injini ikiwa na haraka, buruta ndoo, au piga makasia. Angalia pembe ya mshipi: ukitoa mita 40 kwa pembe ya digrii 45, chubwi liko kama mita 28 tu chini. Ukilala zaidi ya hapo, punguza mwendo au ongeza uzito. Kijiko kikizunguka badala ya kuyumba, kitakusokota mshipi wote, kwa hiyo kitazame kwanza kando ya mashua.

Breki ya rili ilegeze hadi robo ya nguvu ya mshipi; mshipi wa kusuka haunyumbuki, na ukikaza ndoana huchana mdomo. Samaki akija juu utaona mapovu. Trauti huweza kutoa hewa aliyoibeba, tofauti na samaki wengine wa kinani. Kinachomuua zaidi ni maji ya vuguvugu ya juu. Ukitaka kumwachia, usimpandishe chomboni: mfungulie ndoana akiwa kwenye wavu majini, kisha msukume kichwa chini ashuke. Na usivue kwa kuachia siku nzima ziwa likichemka. Samaki huyu hukua polepole, mara nyingi hupita miaka sita kabla ya kutaga.

Ontario, mkazi wa miaka 18 hadi 64 anahitaji leseni ya uvuvi, na idadi unayoruhusiwa hutofautiana katika kanda zake 20, pengine hata ziwa kwa ziwa. Kuendesha injini kunahitaji kadi ya nahodha wa chombo cha burudani. Chomboni weka jaketi la kuokolea kwa kila mtu, kamba inayoelea ya mita 15, filimbi, kasia, na ndoo ya kutolea maji yanayoingia.

Kabla ya kumla, soma mwongozo wa mkoa kuhusu ulaji wa samaki: hupangwa kwa ziwa na kwa urefu wa samaki, kwa sababu ya zebaki. Mkubwa ana zebaki zaidi, na kupika hakuiondoi. Wajawazito na watoto wana kiwango chao kidogo. Ukimpasua, fungua na mfuko wa chakula uone alichokula. Ukikuta vidagaa vya sentimita sita, kesho funga kijiko cha ukubwa huo.