SOMO: Jeni zinazoifanya seli igome kugawanyika

Wakuu habari za jioni, kuna dogo kaniuliza mbona tunazeeka wakati seli zinajigawa kila siku, nikaona nishushe somo kabisa. Chukua karatasi na kalamu, hili ukilisoma kwa macho tu halikai.

Hatua ya 1. Andika herufi za DNA, TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG mpaka mwisho wa mstari. Hiyo ndo telomea, ncha ya kromosomu, herufi sita hizo hizo zinajirudia zaidi ya mara elfu. Hazina maelekezo ya protini yoyote, zipo pale mwishoni ili zikipotea, zipotee zenyewe na sio jeni za maana.

Hatua ya 2. Sasa futa kidogo mwishoni, kila mgawanyiko unafuta, maana mashine inayonakili DNA haifiki hadi kwenye ncha kabisa. Tuseme ulianza na herufi 10,000 na kila mara zinaondoka 100, baada ya mara 50 umebaki na 5,000. Na kweli mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead kule Philadelphia waliona seli za kawaida za binadamu zinajigawa kama mara 40 mpaka 60 hivi halafu basi.

Hatua ya 3, hapa ndo wengi wanateleza. Seli haisubiri telomea iishe! Fikiria LUKU, uniti zikibaki kidogo mita inaanza kulia kabla umeme haujakata. Ncha ikiwa fupi sana seli inadhani DNA imekatika, taarifa inafika kwa p53, protini mlinzi wa DNA (jeni yake iko kromosomu ya 17), p53 inaiwasha protini nyingine, p21, na p21 inazibana zile protini ambazo kazi yao ni kuiachisha lindo RB, protini inayozuia seli isigawanyike, kwaiyo RB inabaki mlangoni na hakuna kugawanyika tena. Seli yenyewe haijafa, ipo tu inakula, tena inamwaga kemikali zinazozisumbua seli jirani, na seli za hivyo zikirundikana ni sababu mojawapo ya kuzeeka.

Hatua ya 4. Kuna njia ya pili, protini p16, jeni yake iko kromosomu ya 9. Hii hata telomea ikiwa ndefu inaweza kuwaka seli ikisumbuliwa sana, na yenyewe inaishia kwa RB vilevile. Mi nilizichanganya hizi mbili kwenye mtihani, zikanila maksi, so ziandike mbali mbali.

MASWALI

Swali: Mkuu nimesikia kuna kimeng'enya kinarefusha telomea, si tukiwashe wote tuishi miaka 200?

Jibu: Kipo, telomerezi, Carol Greider na Elizabeth Blackburn walikigundua 1984. Seli nyingi za mwili wako zimekizima, na kansa karibu 9 kati ya 10 zimekiwasha, umeona tatizo? Seli za Henrietta Lacks, mama aliyekuwa na kansa ya mlango wa kizazi, zilichukuliwa Baltimore, Marekani, 1951 na mpaka leo zinajigawa maabara dunia nzima. Ndani yake kuna kirusi cha HPV aina ya 18, protini yake E6 inaimaliza p53 na E7 inaibana RB, yaani mita imechepushwa. Ndo kirusi hicho hicho ambacho mabinti wanachanjwa.

Swali: Nimeuziwa vidonge vya telomea, nimepigwa?

Jibu: Umepigwa. Panya wa maabara ana telomea ndefu kuliko zako na akifika miaka mitatu ni mzee kabisa, yaani urefu wa telomea peke yake hauamui umri. Hela ya vidonge kanunulie matunda.

Swali: Sasa kama zinafupika kila siku, mbona mtoto hazaliwi na zile fupi za baba yake?

Jibu: Swali zuri sana hili. Kwenye seli zinazotengeneza mbegu za kiume telomerezi inafanya kazi muda wote, na cha ajabu ni kwamba watoto waliozaliwa na baba mtu mzima kwa wastani wana telomea ndefu kidogo kuliko wale wa baba kijana. Wazee msianze kuvimba sasa, mbegu za uzeeni zinabeba pia makosa mengi zaidi ya DNA.